Wifi Yangu Amekuwa Mwalimu

Nyumbani, 9 Februari

Wifi yangu wa mashuka,

Salamu zako zilifika kwa simu ya jirani, lakini simu ile ina masikio mengi, ndiyo maana nimekaa niandike. Mimi mzima, kiuno tu kinalalamika nikishinda kwenye cherehani. Mama hajambo. Mguu unavimba na kunywea kama unavyoujua, na kusahau kwake ni kule kule. Jumapili alinieleza kitambaa cha gauni la harusi yake mpaka lasi ya mikononi. Jumatatu akaniuliza mimi ni nani na nalipwa na nani. Nikamwambia mimi ni mke wa mwanao. Akasema, "Basi hulipwi."

Sasa nikupe umbea wangu. Nimeanza masomo ya jioni, yale ya watu wazima ambao hawakumaliza sekondari. Usicheke. Tangu kaka yako afariki jioni zimekuwa ndefu, na mimi si mtu wa kukaa nikitazama ukuta. Kumbuka alishajaribu kunifundisha mwenyewe, mwaka ule tulipooana. Tulifika sura ya pili ya kitabu cha historia tukaacha kusemezana. Mume akikufundisha, ama yafe masomo ama ife ndoa. Tukaua masomo.

Mwalimu wetu ni binti mdogo, mwembamba, mkoba wake mkubwa kuliko yeye. Ana moyo mzuri ila hawezi kukungoja. Ukianza kusema "Mimi nadhani," yeye anamalizia unachodhani. Mlinzi wa benki tunayesoma naye amempachika jina la Malizia, na lenyewe analijua.

Malizia ameandika mchezo wa jukwaani wa kutufundishia fasihi. Kuna mwalimu mkali na mwanafunzi asiyependa kusema. Wanaanza kama paka na panya, mwishowe kila mmoja anamgeuza mwenzake. Malizia alijipa sehemu ya mwalimu, na mwanafunzi nikawa mimi. Siku ya kwanza tulipousoma, alisema maneno yake, halafu akasema na yangu kabla sijafungua mdomo. Mlinzi akamwambia, "Mwalimu, kwa mwendo huu mchezo utakwisha kabla haujaanza." Tukacheka, naye akacheka, akatupa chaki mezani: haya, nani anaweza kuwa mwalimu?

Sijui nini kilinipata. Niliinuka nikaichukua chaki, nikaigonga ubaoni mara mbili, nikasafisha koo, nikatazama dirisha la nyuma kana kwamba ndilo ninalolifundisha. Ndivyo alivyokuwa akiingia darasani kaka yako. Wifi, mlinzi alisimama wima na kitambi chake. Kumbe alifundishwa naye utotoni. Aliponiona nimeshangaa akaketi kwa haya, akasema miguu imesimama yenyewe.

Basi mwalimu ni mimi, na Malizia ndiye mwanafunzi wangu. Mambo hayo.

Msalimie binti yako. Nasikia amekupita urefu.

Wifi yako wa cherehani


Hospitali, chumba cha kufulia, 1 Machi

Wifi wa cherehani, au niseme Mheshimiwa Mwalimu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya rundo la foronya na nimecheka hadi msimamizi akaja kuangalia kama mashine imeharibika. Wewe mwalimu. Wewe uliyeniandikia mwaka juzi ukasahau kutia barua ndani ya bahasha, nikapokea bahasha tupu yenye stempu nzuri. Namwonea huruma Malizia.

Huku ni mvuke na mashuka, mashuka na mvuke. Juzi tumetoa meno ya bandia kwenye mashine, safi kabisa, yanang'aa. Tumetangaza wodi zote, hakuna aliyejitokeza. Tumeyaweka dirishani, yanatucheka tukikunja. Mwenzangu wa pasi huyaamkia kila asubuhi.

Binti amenipita kweli. Sasa akikosa inabidi nimwambie akae kwanza, ndipo nimkaripie.

Mguu wa Mama uupake mafuta ukipanda juu, usishuke. Lile bati la jikoni limezibwa? Na yule paka wa jirani bado anazalia kwenye kapu lako la vipande? Niandikie.

Wifi yako wa mashuka


Nyumbani, 22 Machi

Wifi yangu,

Bati limezibwa. Mguu naupaka ukipanda. Paka amezaa wanne, mmoja ana sharubu za afisa wa forodha. Umeuliza habari za bati, za mguu, hata za paka. Habari moja hukuuliza, ya kaburi la kaka yako, nami nimeona niiache ilale.

Mazoezi ni kila Jumanne na Alhamisi, ukumbi wa maktaba. Kucheza mwalimu ni kazi, wifi. Nilidhani mtu akishasimama mbele mambo yamekwisha. Kumbe ukisimama pale macho yote yanakungoja ukosee. Naona ndiyo maana kaka yako alikuwa anatazama dirisha.

Malizia naye anateseka. Mwanafunzi wangu kwenye mchezo hasemi sana, kwa hiyo binti wa watu inambidi akae kwenye dawati na mdomo umefungwa, huku mimi natafuta maneno yangu. Siku za mwanzo nilikuwa naiona midomo yake ikinisaidia. Nikamgongea chaki. "Wewe mtoto, nani amekuuliza?" Alishtuka kweli, si kwa kuigiza. Baadaye akaniambia hakuna aliyemnyamazisha tangu azaliwe, kwao wako tisa na asiyewahi kusema hapati chakula.

Nyumbani nafanya mazoezi nikifagia. Wiki iliyopita nilikuwa sebuleni na sauti ya kaka yako imenikaa kooni vizuri, namkaripia mwanafunzi, mara Mama akaita kutoka chumbani kwake: "Umesharudi? Futa viatu, una matope." Nilisimama na ufagio wangu. Sikujua nijibu kwa sauti ipi. Nikajibu kwa ile ile. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akatulia, akalala mchana wote kama mtoto.

Kuna neno moja linanisumbua. Kwenye mchezo mwalimu anamtuhumu mwanafunzi kwamba insha yake ameiba. Kumbe ni yake. Basi mwishoni mwalimu anatakiwa amsogelee mwanafunzi aseme, "Nimekosea." Ni neno moja tu. Nikilifikia halitoki. Mimi mwenyewe naweza kulisema, hata sasa hivi. Lakini anayesema pale si mimi, na yeye sikuwahi kumsikia akilisema, miaka yote ile ya kulala kitanda kimoja. Malizia anasema bila neno hilo hakuna mchezo. Nami naona nikilisema nitakuwa nimempachika mtu maneno ambayo hawezi tena kuyakanusha.

Wewe umekua naye. Umewahi kumsikia akilisema? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Wifi yako wa cherehani


Nyumbani, 6 Mei

Wifi yangu,

Huenda barua imepotea, huenda mashuka yamekuwa mengi. Nakuandikia tena ili ujue hatujambo. Mama anakuulizia. Paka wote wamepata wenyewe isipokuwa afisa wa forodha, huyo amebaki kwetu.

Malizia amebadilika. Wiki hii alimwuliza mlinzi swali la ushairi, mlinzi akatoa macho, na tulijua Malizia ataruka amjibie. Hakuruka. Alikaa juu ya meza, akashika vidole vyake mwenyewe kama mtu anayezuia kuku asitoke bandani. Mlinzi alitokwa na jasho, akavua kofia, akaivaa, halafu akasema kwamba mshairi anamsifu bibi harusi lakini yaelekea hakualikwa harusini. Hata Malizia alikuwa hajaliona hilo. Alitoka akasimama kidogo barazani, aliporudi akasema, "Sijui ni mangapi nimewakatizeni." Mlinzi akamwambia, "Usijali, mengi yalikuwa upuuzi."

Tutacheza tarehe 21 Juni. Neno langu bado limekwama. Mazoezini nikilifikia tunaruka tu, tunakwenda mbele.

Wifi yako wa cherehani


17 Mei

Wifi,

Barua zako zote mbili zimefika. Posta haina kosa.

Sipendi ulichofanya. Kumwigiza kaka mbele ya watu wamcheke ni jambo moja, labda ningelinyamazia. Lakini kumjibu Mama kwa sauti yake, ukamwacha mwanamke mzima alale akidhani mwanawe amerudi, hilo sikulitegemea kwako. Aliyekufa aachwe apumzike. Huo mchezo uache, au uucheze kwa sauti yako mwenyewe.

Na hilo unaloniuliza usiniulize mimi.

Tuko wazima.


Nyumbani, 25 Mei

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikashona suruali mbili, nikaisoma tena. Sijakasirika. Ungeninyamazia moja kwa moja ndipo ningeumia.

Tangu niipate sifanyi mazoezi nyumbani tena. Nafanyia dukani nikishafunga mlango. Malizia nimemwambia huenda nisicheze, na kwamba ni mambo ya kifamilia. Zamani angenimalizia sababu zote. Safari hii alisema, "Ukiwa tayari utaniambia," akaenda zake.

Kuhusu Mama, nilikwenda nikakaa kitandani kwake nikamwambia ukweli. Nikamwambia Mama, ile siku haikuwa yeye, ilikuwa mimi, nisamehe. Alinitazama kama mtu niliyemweleza kwamba maji yanalowesha. Akasema, "Kwani mimi sijui? Nilisikia umefuta viatu. Mwanangu nilimwambia afute viatu toka ana miaka mitatu, hajafuta hata siku moja." Kisha akasema, "Lakini umeipata. Pale kwenye kukohoa punguza kidogo."

Ni kweli, wifi, nilivifuta. Nilikuwa peku, nikafuta nyayo. Sikujua kama Mama anasikia mpaka hayo.

Nakuandikia haya si kwa kujitetea. Ukisema niache, nitaacha. Uliye ndugu yake ni wewe, mimi nilimkuta ukubwani.

Wifi yako wa cherehani


Chumba cha kufulia, 8 Juni

Wifi,

Hapa mvua haijakatika wiki nzima na mashuka hayakauki, tumeyatundika hadi kwenye ofisi ya msimamizi. Anapitisha kichwa katikati ya mawili kama mtu aliye dirishani. Binti amefaulu mtihani wa muhula. Mimi mafua kidogo.

Nimesoma hayo ya Mama nikacheka, halafu nikawa sicheki.

Uliuliza. Jibu ni hapana, sijawahi kumsikia. Lakini nitakuambia kitu. Unajua darasa la tano alinifundisha yeye. Mtu mmoja, kaka na mwalimu, kosa moja nalipia mara mbili. Siku moja alisema mbele ya darasa zima kwamba hesabu zangu nimenakili kwa jirani yangu. Nilikuwa sijanakili. Nililia mpaka nikapatwa na kwikwi, naye akaendelea kufundisha dirisha. Jioni nadhani alizipitia tena akaona kwamba aliyenakili ni jirani, kwangu mimi. Hakusema. Nyumbani tulikula, hakusema. Asubuhi nimefika darasani, nakuta penseli yangu imechongwa. Imechongwa kwa wembe, taratibu, ncha ndefu nyembamba kama sindano zako. Niliitazama, nikamtazama, yeye akagonga chaki. Sikuwahi kumwambia mtu. Hata yeye sikumwambia kwamba niliiona.

Nilipohamia huku penseli ikawa simu. Akishanikaripia, kesho yake hupiga kuuliza kama huku kunanyesha. Hilo tu. Namwambia kunanyesha au hakunyeshi, anasema haya. Safari ya mwisho tuligombana, na kesho yake simu haikulia.

Mashine imesimama, ngoja nikatoe.

Fanya unavyoona kuhusu mchezo. Mama amesema punguza kukohoa, basi punguza.

Wifi yako


Nyumbani, 23 Juni

Wifi yangu,

Sote wazima, na Mama amekuwa mtu maarufu mtaani. Nitafika hapo.

Barua yako ilinikuta dukani. Niliisoma nimesimama, mteja akaona uso wangu akasema atarudi kesho. Sababu ni hii. Mimi nilikuwa nakuta cherehani imetiwa mafuta. Tukikosana usiku, asubuhi naikuta imefutwa, imetiwa mafuta, gurudumu linateleza lenyewe, naye ameshakwenda shule. Miaka yote hiyo nilidhani ni mtu anayependa mashine.

Nikamwendea Malizia nikamwambia nitacheza, lakini lile neno silijui kama litatoka. Akasema, "Wewe fanya utakavyoweza. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale."

Ukumbi ulijaa. Mlinzi aliwaambia aliosoma nao utotoni, na wale wakaambiana. Walikaa mistari ya nyuma, watu wazima na mvi zao, na nilipogonga chaki mara mbili nilisikia viti vya nyuma vikinyooka. Walicheka, wifi, nisikufiche. Lakini walivyocheka ndivyo tunavyocheka sisi tukimtaja Mama.

Tukaenda vizuri. Nilimkaripia Malizia, naye akanikazia macho kwa kiburi ambacho sikujua anacho. Nikamtuhumu ile insha. Akanyamaza kwa namna ambayo mtu mstari wa mbele alisema, "Jamani, si yake kweli?" Tukafika mahali penyewe. Nikamsogelea. Yeye ameinamisha kichwa, mimi nimesimama kwenye dawati lake, na neno haliji. Si kwamba nimelisahau. Nilikuwa nalo mdomoni, nalionja, na nikajua si lake. Malizia hakuinua macho, hakutikisa hata mdomo. Ningesimama mpaka asubuhi, angekaa mpaka asubuhi.

Kulikuwa na penseli kwenye dawati. Nikaishika. Mfukoni nina wembe wa kufumulia mishono, fundi hatoki bila huo. Nikaanza kuchonga. Sikuharakisha. Maganda yalikuwa yanaanguka kwenye kiatu changu, na ukumbi mzima ulikuwa unasikia wembe. Katikati ya kimya hicho Mama, mstari wa kwanza kabisa, akasema kwa sauti yake yote, "Si kuna vichongeo siku hizi?" Watu walipasuka kwa kicheko. Mimi nikaendelea. Kicheko kikaisha chenyewe. Nikaiweka penseli mbele ya Malizia, ncha imwelekee yeye, nikarudi ubaoni nikampa mgongo.

Maneno ya Malizia mwishoni yalikuwa marefu, ukurasa mzima, aliyaandika mwenyewe na aliyapenda sana. Hakuyasema. Nilisikia tu penseli ikiandika nyuma yangu. Pazia lilikuwa lifungwe hapo, lakini mlinzi aliyelishika alikuwa ameficha uso ndani yake, na hatukuweza kumwita. Tukabaki hivyo mbele ya watu, mimi natazama ubao, yeye anaandika, mpaka watu wenyewe wakaamua umekwisha.

Baadaye wale wa nyuma walikuja kunishika mkono. Mmoja alinionyesha vidole viwili vimeshika kitu chembamba. Nikamwambia najua.

Ninalotaka kukuambia la mwisho ni dogo. Jana nilikuwa nafagia, nikajaribu sauti yake, kujifurahisha tu. Haikuja. Ilikuja yangu. Nimeendelea kufagia.

Wifi yako wa cherehani


Chumba cha kufulia, 10 Julai

Mheshimiwa Mwalimu, wifi wa cherehani,

Binti hajambo, mafua yamekwisha, meno yamepata mwenyewe hatimaye. Ni ya msimamizi. Miezi yote hiyo alikuwa anaona haya kuyadai, tena amepita mbele yake kila siku na mdomo umefungwa, sisi tukidhani ni mkali.

Barua yako nimeisoma peke yangu, na ile sehemu ya Mama nimewasomea wote. Hayo mengine nimebaki nayo.

Nimeomba likizo. Wamenipa siku hiyo hiyo, hawakuuliza hata sababu. Hawa watu hawana tabia ya kukataa ruhusa, wifi, nadhani ulishajua, na asante kwa kutoniuliza wakati wa mazishi, niliposema wamenikatalia. Nitakuja mwisho wa mwezi na binti. Nataka unipeleke alipolala. Sina la kumwambia la maana. Nitamwambia kama huku kunanyesha.

Halafu kuna barua yangu ile ya Mei. Nilifikiri nikuletee kitambaa, hapa kuna duka zuri la vitambaa, nikakichagua kabisa, cha bluu, na mkononi ninacho. Nikajikuta najiuliza mwenyewe dukani: hiki kitambaa ni cha nini? Nikakirudisha. Tuwe na mtu mmoja kwenye ukoo huu anayelisema kwa mdomo.

Nimekosea, wifi.

Nililitamka kwanza kwa sauti hapa kwenye mashine, nisikie linavyotoka. Mwenzangu wa pasi akauliza, "Umemkosea nani?" Nikamwambia wifi yangu. Akasema, "Wifi? Basi andika na tarehe kabisa, maana atalionyesha kwa kila mtu."

Wifi yako wa mashuka